Dodoso lilisema wanameza, damu ikasema hapana

Tangu ile sindano ya kinga ya VVU ya mara mbili kwa mwaka ianze kuongelewa, kila anayejua kuwa nimewahi kufanya kazi za utafiti ananiuliza kitu kimoja, eti ni kweli au ni kampuni za dawa zinatafuta hela. Ni kweli jamani (hela wanatafuta pia, nitafika huko). Inaitwa lenacapavir, na majaribio yake makubwa kwa wanawake yaliitwa PURPOSE 1, yalifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti wa miaka 16 mpaka 25, jumla yao zaidi ya 5,300, na katika wale 2,134 waliochomwa sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sifuri. Julai 2024 Linda-Gail Bekker wa Chuo Kikuu cha Cape Town akayasoma hayo matokeo kwenye mkutano wa UKIMWI kule Munich na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, na walikuwa na haki ya kupiga.

Ila mimi nilipoisoma ile ripoti jicho langu lilikwenda kwa wale wengine, wale ambao hawakupewa sindano, walipewa vidonge vya kumeza kila siku. Kulikuwa na vidonge vya aina mbili, na kwenye kundi moja waliambukizwa 39 kati ya 2,136, kwenye lingine 16 kati ya 1,068. Yaani karibu sawa tu na kama wasingepewa kitu. Na vidonge vyenyewe sio vibovu, kile kilichozoeleka ukikimeza kila siku kinakinga vizuri sana, hilo limeshathibitishwa zamani. Walipopima damu wakakuta wengi dawa haimo au imo kidogo mno. Na watu waliokaa kwenye hii fani muda mrefu hawakushangaa hata kidogo, manake hiyo filamu walishaiona zaidi ya miaka kumi nyuma.

Nianze na upande wangu kwanza. Mimi sio daktari wala profesa, nilikuwa mdadisi tu, yule mtu anayekuja na tableti na begi mgongoni na barua ya kibali, anapita kwa mtendaji, anapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, halafu ndo anafika kwako kukuuliza mambo ambayo hata dada yako wa tumbo moja hajawahi kukuuliza. Nimefanya hizi kazi Kanda ya Ziwa, miradi tofauti ya vyuo tofauti, na zote mafunzo yake yanafanana: hakikisha faragha, soma swali kama lilivyoandikwa, usioneshe mshangao, usihukumu. Sawa. Sasa faragha ipi, nyumba ina vyumba viwili, mama mkwe yuko uani anachambua dagaa, watoto wanachungulia dirishani, jirani kashakuja kuuliza huyo mgeni ni wa mikopo au wa sensa. Unashusha sauti unasoma: katika miezi 12 iliyopita umefanya ngono na watu wangapi? Mama wa watu anakuangalia, anajifunga kitenge vizuri, anasema mume wangu tu. Unajaza 1, unaendelea.

Halafu unaenda kwa kijana wa bodaboda kijiweni, unamsogeza pembeni, swali lile lile, anacheka anawaangalia wenzake anakwambia we andika kumi. Unamwambia kaka nahitaji namba ya kweli, anasema basi andika kumi na mbili.

Mkirudi jioni kwenye gesti mnapitia fomu mnacheka lakini msimamizi hacheki, kwa sababu hesabu inakataa. Kama wanaume wa kata nzima wana wapenzi wengi namna ile na wanawake kila mmoja ana mmoja, basi hao wanawake wa ziada wanashuka kutoka wapi, mwezini? Na hii sio Kanda ya Ziwa tu, ni dunia nzima, tafiti za Ulaya na Marekani nazo zina hilo tatizo, wanaume wanaongeza wanawake wanapunguza. Mwanaume akiwa na wengi ni sifa, mwanamke akiwa na wawili ana jina lake mtaani, sasa mtu anakuja na tableti anataka alitaje mwenyewe tena kwa sauti!

Mwanza kwenyewe kuna mfano ambao mimi huwa nautaja sana. Mwaka 1999 ulianza mradi unaitwa MEMA kwa Vijana, wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na shirika la afya la AMREF pamoja na chuo cha London kile cha afya na magonjwa ya kitropiki, walikuwa kwenye jamii 20 za vijijini, nusu zikapewa elimu ya afya ya uzazi shuleni kuanzia darasa la tano, manesi wakafundishwa kuongea na vijana bila kuwafokea, na nusu nyingine zikabaki kama kundi linganishi. Wakafuatilia vijana zaidi ya 9,000. Uzuri wao ni kwamba hawakutegemea mdomo peke yake, walichukua na mkojo na damu. Matokeo ya mradi wenyewe yalikatisha tamaa kidogo, vijana walijua zaidi, waliongea vizuri zaidi, lakini kwenye maambukizi ya VVU tofauti haikuonekana.

Kilichonikaa mimi kichwani ni ule utafiti mdogo uliofanyika ndani yake, wa kuangalia nani anasema kweli kwa njia ipi. Walichukua vijana ambao vipimo vimeshaonesha kabisa kuwa wameshafanya ngono, ana ugonjwa wa zinaa au ana mimba, halafu wakaangalia alijibu nini kwenye dodoso. Wavulana wa namna hiyo walioandika ndiyo mara zote walikuwa kama asilimia 58. Wasichana ni 29. Hebu fikiria, binti ana mimba, halafu kwenye karatasi anasema sijawahi. Lakini mabinti hao hao wakikaa na dada mtafiti mmoja kwa muda mrefu, maongezi ya kawaida, bila karatasi ya kuweka tiki, ukweli ulikuwa unatoka zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haijazi dodoso.

Kwa hiyo mtu akiniambia wanawake wanadanganya watafiti huwa namuuliza, uliwauliza wapi, na nani alikuwa anasikiliza?

Sasa turudi kwenye vidonge. Mwaka 2009 yalianza majaribio yanaitwa VOICE, wanawake 5,029, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wakati ule kila mtu ana matumaini makubwa, manake kondomu anavaa mwanaume, tohara anatahiriwa mwanaume, na wanawake wanaambiwa wajadiliane na wenza wao, kwa hiyo wazo lilikuwa tumpe mwanamke kitu chake mwenyewe asichohitaji kumuomba mtu ruhusa. Wengine wakapewa kidonge cha kila siku, wengine jeli ya kupaka ukeni kila siku, wengine vya bandia visivyo na dawa ili walinganishe. Kila mwezi wanarudi kliniki na makopo yao, wanahesabiwa vidonge vilivyobaki, wanaulizwa. Na majibu yalikuwa matamu, ukifuata walivyosema na makopo waliyorudisha unapata kama asilimia 90 ya dawa imetumika.

Matokeo yakatoka Machi 2013. Hakuna kilichokinga. Wakapima sampuli za damu zilizokuwa zimehifadhiwa, dawa ikakutwa kwenye asilimia 30 ya sampuli kwa kidonge kimoja, 29 kwa kingine, 25 kwa jeli. Na wakati huo huo wanawake walikuwa wanaambukizwa kwa kasi ya kutisha, kama 5.7 kwa kila 100 kwa mwaka. Utafiti mwingine wa aina hiyo, FEM-PrEP (PrEP ni dawa za kujikinga na VVU kabla hujaambukizwa), uliokuwa na kituo mpaka Bondo pale Kenya, ulishasimamishwa Aprili 2011 kwa sababu hiyo hiyo: zaidi ya asilimia 95 wanasema wanameza, damu inaonesha hata 40 haifiki.

Mimi nilikuwa bado sijaanza hizi kazi wakati ule, nilikuja kuzisikia baadae kwenye mafunzo, na namna zilivyosimuliwa ndo iliyoniudhi. Mkufunzi alizisimulia kama hadithi ya wanawake wa Kiafrika walioharibu utafiti wa mamilioni ya dola. Watu wakacheka. Nikaangalia chumba, wasimamizi karibu wote wanaume, wadadisi karibu wote wanawake, nikanyamaza kwa sababu mkataba ulikuwa haujasainiwa bado.

Sasa weka pembeni yake Partners PrEP. Huo uliongozwa na Chuo Kikuu cha Washington na watafiti wa Kenya na Uganda, wanandoa 4,747, mmoja ana VVU mwenzake hana, asiye na VVU anapewa kidonge. Ni vile vile! Dawa ile ile ya VOICE. Julai 2011 wakatangaza kuwa vinakinga, na kwenye ripoti kamili ya 2012 kidonge kimoja kilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, kingine 75, na wanawake walikingwa kama wanaume tu. Damu zao dawa imo kwa wengi, kama asilimia 82 ya sampuli walizopima.

Kwahiyo ukiwa Uganda mwaka ule unaweza kuwa na wanawake wawili, kidonge kimoja, mmoja anameza mmoja hamezi. Tofauti yao ni nini? Huyu wa Partners PrEP mume anajua. Walienda kliniki wote wawili, hali ya mume imeshawekwa mezani, kopo linakaa kabatini bila kufichwa, usiku mmoja anamkumbusha mwenzake. Watafiti waliofanya mahojiano ya kina na hao wanandoa walikuta kidonge kimegeuka njia ya kushikilia ndoa, mke anameza ili aweze kuendelea kuwa mke bila kuogopa. Yule wa VOICE yuko peke yake na kopo linalolia ndani ya pochi kama kayamba. Ana miaka 22, hajaolewa, anaishi na mama au anaishi kwa mwanaume ambaye hajui kama anaenda kwenye utafiti. Vidonge ni ARV, kila mtu mtaani anazijua ARV. Akikutwa navyo maelezo ni mawili tu, ama una ngoma ama una mwanaume mwingine nje, na hakuna la tatu litakaloaminika.

Haya sijayatunga, waliyasema wenyewe. Baada ya VOICE kuisha timu yao ikarudi kwa wanawake 127 na majibu ya damu mkononi, wakawaonesha mmoja mmoja: dada hii ndo damu yako, hebu tuongee. Hapo ndo maneno yakatoka. Kuogopa madhara ya dawa wakati wao wazima kabisa. Umbea wa kwenye foleni ya kliniki. Mwanaume kuuliza. Kuogopa kuonekana mgonjwa. Wengine waliona wakisema ukweli watawavunja moyo manesi waliokuwa wanawatendea vizuri, au wataondolewa kwenye utafiti wakose huduma nzuri ambayo kwenye zahanati ya kawaida hawaipati. Hiyo ya mwisho naielewa sana. Ukipimwa bure, ukaulizwa hali yako kwa heshima, ukapewa nauli na soda, halafu ukaulizwa na nesi anayekuita mpenzi wangu kama ulimeza dawa, utasema hapana?

Mimi msimamo wangu ni kwamba ule utafiti haukuharibika. Ulijibu swali ambalo hawakulipanga. Walitaka kujua kama dawa inafanya kazi mwilini, wakaoneshwa kama dawa inaweza kuishi ndani ya nyumba ya msichana, na jibu la hapo ni hapana. Kufeli kwa VOICE namna ile ndo kulikozidi kuwasukuma watu kwenye vitu visivyoonekana, pete ya dapivirine ya kuweka ukeni inayokaa mwezi (hiyo 2016 ilionesha kupunguza maambukizi kwa kama asilimia 30, sio mbaya, ila mabinti wadogo kabisa haikuwasaidia, tena kwa sababu walikuwa hawakai nayo), halafu sindano ya kila miezi miwili, halafu hii ya miezi sita. Binti wa 2024 hajawa mwaminifu kuliko wa 2009, ndo maana kwenye kundi la vidonge la PURPOSE 1 mambo yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni kwamba sindano haina kopo.

Kuna kitu kingine kidogo hapo ambacho kimepita kimya kimya. Zamani majaribio ya dawa ukishika mimba unatolewa au dawa inasimamishwa, ndo sababu kuna dawa kibao hakuna anayejua vizuri zinafanyaje kwa mjamzito. PURPOSE 1 waliruhusu mshiriki akishika mimba aendelee akiridhia mwenyewe, na mimba zilikuwa mamia, ni mabinti wa miaka 16 mpaka 25 mlitegemea nini. Wanaharakati wanawake walipigania hilo kwa miaka.

Na wanaume je? Hapa ndo naona vyuo vyetu vinakwepa. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal na wenzao wa CAPRISA, kituo cha utafiti wa UKIMWI cha huko huko, walifanya kitu cha akili sana, matokeo yakatoka karibu mwaka 2017. Hawakumuuliza mtu alilala na nani. Walichukua virusi kwenye damu za watu wa eneo moja, wakasoma vinasaba vyake, wakaangalia kirusi cha nani kinafanana na cha nani. Wakakuta wasichana wa chini ya miaka 25 wanaambukizwa na wanaume waliowazidi wastani wa miaka 8.7, wengi wao wa umri wa miaka 25 mpaka 40, na hao wanaume nao wameunganika na wanawake wa rika lao, na wale wasichana wakikua wanaingia kwenye hilo rika, gurudumu linazunguka. Hakuna jina la mtu pale, ni makundi tu, lakini picha inaonekana bila kumhoji mtu mbele ya mama mkwe.

Halafu angalia sasa kampeni zetu, mabango yote yanamwambia binti kataa, jitambue, timiza ndoto zako. Mwanaume wa miaka 33 mwenye pikipiki mbili na duka la M-Pesa hana bango. Kwenye miradi niliyopita mimi dodoso la wasichana lilikuwa linachukua zaidi ya saa nzima na la wanaume linaisha kabla chai haijapoa, na nilipouliza kwanini nikaambiwa wanaume hawapatikani nyumbani. Wanapatikana bwana, kijiweni wapo, mwaloni wapo, kwenye mechi wapo, ni kwamba ratiba ya kazi imewekwa saa nne asubuhi. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 hapa Tanzania zinasema VVU kwa wanawake wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 5.6 na wanaume 3.0, watu wanaisoma hiyo kama habari ya wanawake peke yao.

Kuhusu hela niliahidi. Marekani sindano hii ilipitishwa Juni 2025 na bei ya kule ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja, hiyo ni nyumba na kiwanja huku kwetu. WHO nao wakaipendekeza Julai mwaka huo huo. Kisha Septemba 2025 ikatangazwa mikataba miwili ya kuitengeneza kwa bei rahisi huko India, dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Dola 28,000 na dola 40, dawa ile ile, mtu afanye hesabu mwenyewe. Wakati huo huo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada na tafiti kibao za afya ya wanawake zikafungwa katikati, washiriki wameshaanza dawa, wadadisi wamesharudisha tableti. Mimi ni mmoja wa waliorudisha. Sasa hivi nauza vitenge na nasoma ripoti kwa raha zangu.

Na kwenye hiyo ripoti kuna kitu ambacho sijasikia mtu akikiongea huku kwetu. Lenacapavir inachomwa chini ya ngozi ya tumbo, dawa inabaki pale inatoka taratibu miezi sita, kwahiyo zaidi ya nusu ya waliochomwa walipata kinundu kidogo mahali pa sindano. Hakidhuru, kwa kawaida hakionekani kwa macho, kinapungua na muda, na walioacha kwa sababu hiyo walikuwa wachache mno. Lakini ukikipapasa unakisikia. Wao wamekiandika kwenye jedwali la madhara pamoja na maumivu na wekundu, kama jambo la ngozi. Mimi nimekaa kwenye mikeka ya watu najua kitakachotokea, mwanaume ataweka mkono hapo usiku atauliza hiki nini, na binti atatakiwa awe na jibu usiku huo huo. Siku wakileta huku na wakihitaji mtu wa kuandika dodoso, swali la kwanza liwe hilo, na waulizie saluni, nyumbani wasiende.